Kanga Uliyomfunikia Nyangumi

Mama yangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sijazoea kuanza na wewe bila hiyo. Nina jambo la kukiri, nimelificha tangu utotoni, na leo somo la nyangumi limelirudisha.

Unaikumbuka ile asubuhi Jambiani? Maji yamekupwa, wanawake mmeinama kwenye mwani, mara nyangumi jike akaonekana amekufa mchangani. Watu walimzunguka, wakibishana kama ataliwa au atazikwa. Wewe ulimtazama tumboni ukaona maziwa yanamchuruzika. Ukafungua kanga ya kiunoni, ukamfunika pale, ukaizuia kwa mawe.

"Mama, samaki huyo!" nilikwambia, uso umenishuka kwa haya.

"Samaki gani ana maziwa? Huyu mzazi. Maiti wa kike hasitiriwi?"

Sasa nakaa Mpendae, nasomesha bayolojia, na leo nimewaambia wanafunzi yale uliyoyaona wewe. Nyangumi si samaki. Mababu zake wa kale walikuwa wanyama wa nchi kavu, wenye miguu minne na kwato, wakiishi kandokando ya maji. Wakaingia kidogo kidogo, kizazi baada ya kizazi, mpaka bahari ikawa ndiyo kwao. Jamaa yao wa karibu aliye hai ni kiboko. Ndani ya mapezi yao bado mna mifupa ya vidole, na mwilini wamebakiwa na vifupa vya nyonga visivyoshika mguu wowote. Hupanda juu kuvuta pumzi, na watoto wao hunyonya. Laiti ningekueleza haya jikoni huku unakuna nazi! Ungesema, "Subhanallah," kisha ungeniuliza walikuwa wakila nini.

Mwanafunzi mmoja akauliza, "Mwalimu, nani alogundua?" Nilitaka kusema mama yangu. Nikasema wataalamu, waliochimba mifupa.

Siku ya pili ya nyangumi yule, wenzangu wa chuo cha Kurani walinicheka kuwa mama kamvisha samaki kanga. Ili nisichekwe mimi, nilicheka kuliko wao, nikakuita Bi Nyangumi. Jina likazagaa Jambiani nzima, likakuganda mpaka uzeeni. Ulikuwa ukirudi na mwani wako kichwani, watu wanakuitia jina hilo, unafika nyumbani unaniambia, "Mwanangu, sijui nani kanipa jina hili. Namwachia Mungu." Nami najitia natafuta chumvi.

Ulipougua ulilala kwangu siku tatu. Kila nilipokupangusa jasho neno lilinifika mdomoni, nikasema kesho. Siku ya nne hukuamka.

Nimekukumbuka, mama, mpaka nyumba hainitoshi. Aliyekupa jina lile ni mimi. Naomba radhi yako, na sijui nitajuaje kama umenipa.

Lala salama, mzazi wangu.

Mwanao wa mwisho