Nilichomfundisha Bosi

Jumatano. Mawingu yamelala juu ya ziwa tangu asubuhi, na wale wadudu wadogo wa ziwani wamejaa kwenye nyavu za madirisha kama vumbi linalotembea. Ni siku ya tisa tangu Bosi amng'ate Kaka Mabula.

Bosi ni mbwa wa Mama Mkubwa, dada yake mama. Mama Mkubwa ana nyumba ya kulala wageni hapa Mkuyuni, na mimi ninaishi naye tangu nimalize kidato cha nne, nikisubiri matokeo. Nafagia, nachemsha chai, napokea wageni. Kupokea wageni ndiko kunakonitesa. Mtu akiniuliza jambo mara mbili, sauti yangu inaisha.

Kaka Mabula ni msoma mita wa maji. Anakuja kila mwezi, na Bosi humlalia chali akunwe tumbo. Ndiyo maana majirani wote wanashangaa. Wanasema mbwa amechanganyikiwa. Bwana mifugo ameagiza afungwe siku kumi aangaliwe, ingawa chanjo yake ya kichaa bado ni hai. Kesho siku zinatimia.

Mimi sishangai. Najua kwa nini aling'ata, na nimekaa kimya siku zote tisa.

Nilifungua ukurasa mtandaoni mwezi wa pili baada ya kufika hapa, bila jina langu na bila sura yangu. Niliuita Bosi wa Mkuyuni. Video ya kwanza alikuwa amelala tu, na hakuna aliyejali. Siku moja nilikuwa nimeshika panki, ile mifupa ya sangara anayoipenda kuliko nyama, nikaificha nyuma ya simu. Nilipoinua simu, akaruka. Kwenye video samaki haonekani. Yanaonekana meno tu, na macho, na geti letu. Nikaandika chini yake: "Jichanganye uone."

Watu walicheka, wakasambaza, wakaomba nyingine. Mmoja aliandika, "Huyo si mbwa, ni mgambo." Mimi ambaye darasani nilikuwa nasubiri kengele ili nisiitwe kujibu, nilikuwa na watu wanaonisubiri.

Basi tukafanya kila jioni. Nainua simu, nasema "Haya Bosi, kali!", anaruka na kunguruma, anapata panki. Baadaye sikuhitaji hata kusema. Ilitosha kuinua simu.

Kaka Mabula miaka yote alikuwa anaandika namba kwenye daftari. Mwezi huu wameagizwa wapige picha mita. Alichuchumaa, akatoa simu, akaiinua.

Nilikuwa naanika mashuka. Niliona yote.

Leo saa nne alikuja afisa wa bima, dada mmoja mpole mwenye viatu vyenye vumbi la Mkuyuni. Mama Mkubwa alikata bima ya nyumba kwa sababu benki iliyomkopesha ilimtaka akate, na ndani yake kuna kipengele cha mtu akiumia hapa kwetu. Bima ikikubali, Kaka Mabula analipwa matibabu na siku zote ambazo mkono wake wa kulia haufanyi kazi. Ikikataa, mzigo wote ni wa Mama Mkubwa. Nilikuwa namimina chai, kwa hiyo nilisikia kila neno.

"Mama, kwenye fomu uliulizwa kama una mnyama mkali. Uliandika hapana."

"Ndiyo. Huyu ni mpole. Muulize Mabula mwenyewe."

"Getini kuna kibao cha mbwa mkali."

"Hee! Hicho kibao kiko hapo tangu hatuna hata paka. Wewe kwenu hakipo?"

Yule dada akacheka. "Kipo, mama, na mbwa hatuna. Kibao si tatizo. Tatizo ni hii."

Akaweka kishikwambi chake mezani, akagusa video. Mngurumo ukajaa chumba cha mapokezi. Kule nje Bosi alisikia sauti yake mwenyewe, akaanza kubweka.

Mama Mkubwa aliangalia mpaka mwisho. "Geti ni langu," alisema taratibu. "Mbwa ni wangu. Lakini hii siijui."

"Aliyepiga alikuwa ndani ya geti, mama. Zipo nyingi, za wiki na wiki. Ofisini watasema ulijua mbwa ni mkali, ukaficha."

"Nimeshasema siijui. Sasa unaniita mwongo kwenye nyumba yangu?"

Chai ilimwagika kwenye sahani. Nikasema naenda kuchukua kitambaa.

Nilikimbilia stoo, nikafungua ukurasa, nikaweka kidole kwenye neno Futa. Nikiri hapa, kwa kuwa sijui nitakiri wapi kwingine: sikuacha kufuta kwa sababu mimi ni mwema. Niliacha kwa sababu niliona haitasaidia, yule dada alikuwa na nakala tayari. Ndipo nikakumbuka vipande ambavyo sikuwahi kuvirusha, vya kabla ya kukata. Ndani yake Bosi anakula panki mkononi mwangu, anatikisa mkia, ananilamba pua. Vinaonyesha kwamba Mama Mkubwa hakudanganya.

Vinaonyesha pia nani alimfundisha kuruka.

Sijui nilifikaje mapokezi. Nakumbuka nilisimama na simu nimeibana kifuani, na Mama Mkubwa akaniuliza, "Kitambaa kiko wapi?" Nikasema, "Video ni zangu." Hakusikia. Nikasema tena, na mara hii sauti haikuisha.

Waliangalia vipande vitatu. Nilisikia sauti yangu ikitoka kwenye simu, nikicheka, nikisema haya Bosi, kali. Nilitamani sakafu inimeze.

"Kwa hiyo hakuwa mkali," yule dada alisema. "Alifundishwa."

"Ndiyo."

"Na mama hakujua?"

"Hakujua. Nilikuwa nafanya akienda sokoni."

Akasema ataandika alichokiona na alichosikia, na kwamba si yeye anayeamua. Mbwa aliyefundishwa nyumbani, alisema, nalo ni swali gumu kwa watu wa bima. Hakunitazama vibaya. Afadhali angenitazama vibaya.

Alipoondoka, nilingoja Mama Mkubwa aanze kugomba kwa Kihaya, maana hasira zake hazitoki kwa Kiswahili. Alikaa tu akikunja kitambaa alichokwenda kukichukua mwenyewe.

"Kumbe unajua kucheka hivyo," alisema. "Miezi yote hii sijakusikia."

Kisha akainuka. "Kesho asubuhi tunaenda kwa Mabula. Mimi nitabeba ndizi. Maneno utabeba mwenyewe."

Jioni hii nilikwenda kwa Bosi, mikono mitupu. Niliinua simu nione. Akajikunja, midomo ikapanda, kamba ikakazika. Nikaishusha, mkia ukaanza kutikisika. Nikainua tena, akajikunja tena. Hana kosa. Anafanya kazi niliyompa, na anasubiri malipo yake.

Itachukua muda gani kumsahaulisha? Labda jioni nyingi kama zile nilizomfundisha, tena bila mtu wa kutuangalia.

Ukurasa nimeufunga. Watakaouliza Bosi yuko wapi sitawajibu. Ninayepaswa kumjibu ni mmoja, naye hajaniuliza.

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo cha chumba namba mbili ambacho leo hakina mgeni. Kaka Mabula, shikamoo. Bosi hakukuchukia. Ni mimi.

Nimeyasema mara nyingi, na kila mara yanakuwa mafupi zaidi. Kesho nitayasema nikimtazama usoni, na simu nitaiacha nyumbani.