Shimo Linakuja, Bibi

3 Februari

Mume wangu,

Una wazimu au umeshiba? Fundi cherehani wa hapa jirani, mtu ambaye hata kipimo cha kiuno changu nilimnyima, ndiye aje kunieleza habari za nyumba yangu? Eti mjukuu wangu amechaguliwa kupewa tuzo ya mhudumu bora wa gari la wagonjwa, kwa jinsi anavyowalea wageni wanaoanza kazi. Mimi nashangilia, yeye anamalizia: lakini amewaambia watu haendi kuichukua.

Salamu utazikuta mwisho, kama unazistahili.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wewe hujasifiwa bado, umeshauvunja mtungi. Tangu uajiriwe, wanawake wa bombani wamechoka kusikia habari zako na mimi sijachoka kuwachosha. Sasa nikawaambie nini? Kwamba mume wangu anaogopa makofi?

Usinipigie simu. Kwenye simu, nikianza tu kusema kweli, unasema mtandao mbovu. Barua haikatiki. Kaa chini, andika, na mwandiko uwe wa mtu, usiwe wa kuku.

Mimi mzima. Nyonga inauma asubuhi, mdomo hauumi wakati wowote. Wewe je, unakula, au unaishi kwa chai?

Bibi yako

14 Februari

Shikamoo Bibi,

Natumaini nyonga imetulia. Mimi mzima, nakula, siishi kwa chai.

Sikukuficha kwa kiburi. Ile tuzo si yangu. Ni ya Mama Mikanda.

Huyu ndiye aliyenifundisha kazi, mimi na karibu kila mtu unayemwona kwenye gari la kituo chetu. Mgeni akiripoti, Mama Mikanda hampi kitabu. Anamwambia: "Lala." Unalala kwenye machela, anakufunga mikanda kifuani, kiunoni na miguuni, anakufunga na shingo isigeuke, halafu dereva anashika njia ya machimbo ya mawe. Unachoona ni dari tu. Hujui kona iko wapi wala shimo liko wapi, mwili unajikaza ukingoja kuumia. Mkirudi anauliza swali moja: "Ulitaka nini?" Mmoja alisema alitaka kukunwa pua. Mimi nilisema nilitaka mtu aniambie tumefika wapi. Akajibu, "Basi kampe mgonjwa hicho hicho." Ndiyo maana tuliopita kwake tunamsomea mgonjwa njia kwa sauti: kona, tuta, shimo.

Mwaka jana alikuja kijana ambaye mjomba wake ni mtu mkubwa. Alilazwa kama wengine, akatapika, akaenda kushtaki kwamba amedhalilishwa. Mkuu wa kituo akapiga marufuku zoezi lile. Mama Mikanda akahamishiwa stoo, anapanga mablanketi na glavu. Wageni nikapewa mimi, niwafundishe kwa picha za ukutani.

Sasa tuzo imekuja kwa kulea wageni. Mkuu ameniita akaniambia, "Ukipanda jukwaani utaushukuru uongozi. Jina la yule mama lisisikike. Likisikika, wageni nitampa mtu mwingine." Bibi, nikimtaja nawapoteza wageni. Nisipomtaja sitaweza kumtazama usoni pale stoo. Nimeona bora siku hiyo niugue, nibaki nyumbani kimya.

Usinikasirikie.

Mjukuu wako

20 Februari

Mume wangu mwoga,

Salamu. Tumbo lako ambalo litaugua siku ya sherehe halijambo?

Nimekasirika, kwa hiyo kaa vizuri.

Umeambiwa usimtaje, wewe umeamua usiende kabisa. Umemtii mkuu wako kuliko alivyoomba. Yeye atakaa kiti cha mbele, hatatokwa hata na jasho, atasema kijana wetu anaumwa, tumwombee. Watu wataitikia amina. Na yule mama atabaki na mablanketi yake.

Sasa nikwambie jambo ambalo hulijui. Nilipoanguka jikoni nikavunjika nyonga, wewe ulikuwa zamu nyingine. Walikuja dereva na binti mmoja mwembamba, nikasema huyu upepo utamchukua kabla hajanifikisha. Akanifunga. Nikamtukana, nilikuwa na maumivu na nina ulimi wangu. Akaniachia nitukane. Halafu akainama karibu na sikio langu: "Bibi, shimo linakuja, nishike mkono." Nikaushika. Shimo likaja. Akasema tena, "Sasa kona, ya upande wako wa kulia, ndefu kidogo." Njia nzima ile, mpaka hospitali. Nikamuuliza, wewe mtoto nani amekufundisha kusema na watu wazima? Akacheka: "Nimeshalala hapo ulipolala, Bibi."

Nilidhani naye aliwahi kuvunjika. Barua yako ndiyo iliyonieleza. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini sijapata kusikia mwalimu anayewalaza watu juu ya hao kunguni kwa makusudi. Yule mama ana akili. Mimi mifupa yangu imefika mahali pake kwa sababu yake, na wewe unaniambia jina lake lisisikike?

Unaogopa kuwapoteza wageni. Unawafundisha nini hao wageni sasa? Picha? Picha haina shimo. Na cheo ulichopewa kwa sharti la kufumba mdomo ni nguo ya kuazima, haisitiri matako.

Ningekuja mwenyewe kuipokea, mimi sina kazi ya kunyang'anywa, ila nyonga imekataa safari. Kwa hiyo nenda. Vaa sare. Piga viatu rangi. Taja jina.

Usiponitii, usinijibu.

Bibi yako, aliyebebwa

11 Machi

Shikamoo Bibi,

Umengoja, najua. Kwanza sikujibu kwa kuwa sikuwa nimeamua. Baadaye sikujibu kwa kuwa nilishaamua, nikaogopa nikiandika nitarudi nyuma.

Nilimfuata Mama Mikanda stoo nikamwambia nitamtaja. Hata hakuinua kichwa kwenye mablanketi. "Makofi yako nitafanyia nini? Mimi nataka machela yangu."

Siku ya sherehe alikuwa nje ya ukumbi. Mkuu alimpanga kugawa maji kwa waalikwa, yeye na sinia. Nilipoitwa nilipanda, nikaushukuru uongozi kama nilivyoagizwa. Mkuu akatabasamu. Halafu nikasema: "Kila aliyewahi kufungwa mikanda na Mama Mikanda, asimame."

Bibi, nyuma kule viti vililia. Madereva walisimama, wahudumu wakasimama, hata muuguzi mmoja wa mapokezi ambaye sikujua kwamba alianzia kwetu. Yule binti mwembamba alikuwa wa kwanza. Kipaza sauti kikazimwa. Nikaendelea bila kipaza sauti, nina koo la kwenu. Nikasema aliyetulea wote yuko nje anagawa maji, na tuzo hii anaifuata mwenyewe au mimi naipeleka.

Akaingia na sinia lake. Hakupanda jukwaani. Nilishuka nikamkabidhi. Aliipima mkononi, akasema kwa ile sauti yake, "Nzito. Itazuia mlango wa stoo usipigwe na upepo." Watu wakacheka, mgeni rasmi naye akacheka. Mkuu hakucheka.

Kesho yake niliitwa. Wageni wamepewa binamu yake mkuu. Mimi nimebaki na zamu za kawaida. Mama Mikanda bado yuko stoo, na mlango kweli umezuiwa na tuzo. Wageni wapya wanaanza Jumatatu, watafundishwa kwa picha.

Sijuti. Lakini usiku nawafikiria hao wageni, na watakaobebwa nao. Pengine nimwombe mkuu radhi, anirudishie ulezi, nifanye kidogo kidogo chini kwa chini. Unasemaje?

Mjukuu wako

15 Machi

Mume wangu,

Hujambo. Mimi sijambo, na leo si kwa kuitikia tu, sijambo kweli. Barua yako nimewasomea wanawake wa bombani. Nilipofika kwenye viti kulia, mmoja aliacha ndoo ikafurika.

Halafu nikafika mwisho nikakuta neno radhi. Radhi ya nini? Umemkanyaga? Ukimwomba radhi mtu kwa kusema kweli, kweli yenyewe inageuka kosa. Lifute hilo neno.

Sikiliza. Mkuu amekataza zoezi kituoni, kwa machela ya kituo, kwa gari la kituo. Vizuri. Kituo ni chake. Uwanja huu ni wangu.

Seremala ameung'oa mlango wangu wa jikoni, ule wa zamani, akaupigilia juu ya mkokoteni wa muuza maji. Muuza maji amekubali. Alipotaka kukataa nilimkumbusha nani alimkanda mamake mgongo. Jana niliujaribu mwenyewe. Nililala, fundi cherehani akanisukuma hadi bombani. Akapita kwenye shimo kimya kama anasukuma gunia. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika. Tuliporudi alikuwa anasema "tuta, Bibi, samahani Bibi, kona" hata pasipo kona. Kama huyo amefundishika, mgeni gani atashindwa?

Njia ya kwangu ina mashimo ya kutosha, serikali imetutunzia.

Njooni Jumamosi ambayo hamko zamu, wewe na yule binti mwembamba. Wageni waambie waje kwa hiari yao. Asiyetaka abaki na picha zake. Mwenye tumbo jepesi asile kwanza. Nitakaa mlangoni, mlango ambao haupo, na wakirudi nitawauliza lile swali.

Mwambie Mama Mikanda asingoje kurudishiwa machela, hapa yapo. Wewe ulale wa kwanza, wageni wakuone umefungwa. Mkuu naye akitaka kuja kukataza, mlete, nitamsukuma kwa mkono wangu.

Fika kabla jua halijawa kali. Na mikanda mje nayo.

Bibi yako