Neno "Ipo" kwenye Ukurasa Wangu

Mtaa wa Sokoni,
Katesh, Hanang,
Manyara.

Jumamosi, 12 Aprili 2025

Kwa shangazi yangu mpendwa, Bi. Sada,

Shikamoo shangazi. Assalaam alaykum. Naomba Mungu barua hii ikukute una nguvu, magoti yamepunguza kuuma, na mvua za huko Tabora hazijabomoa kile chumba cha uani ulichokuwa unakilalamikia. Macho je? Ile miwani mpya imekufaa? Hapa nyumbani baba yuko dukani kwake kama kawaida, mama presha imetulia. Mimi mwili hauna shida. Moyo ndio umenifanya nikuandikie.

Najua utashangaa kupata barua badala ya simu. Kwenye simu mama huwa yuko pembeni yangu, na haya sijamwambia. Tena siku hizi simu ikilia nashtuka. Soma polepole shangazi, na kwa sasa usimwambie mtu.

Unakumbuka nilipopata kazi kwenye lile shirika dogo hapa Katesh linalosaidia zahanati za vijijini? Ulifurahi, ukasema angalau kuna mmoja katika ukoo amekufuata kwenye afya, hata kama amepitia kwenye kompyuta. Kazi yangu ni kuendesha tovuti. Mwaka jana walimleta mwalimu kutoka Babati, anaitwa Gerald, akatufundisha wiki tatu: jinsi ya kuandika ukurasa, kuuhifadhi kama rasimu, kuuchapisha, na kuuondoa. Alisema kila ukurasa lazima uwe na mtu anayewajibika nao, na tarehe ya kuisha muda kama dawa.

Alitufundisha pia kwamba ukurasa si wa yule anayeutengeneza. Unaanza na mtu atakayeufungua: yuko wapi, ana simu ya namna gani, na ana haraka ya nini. Alisema tumpe simu mtu wa kijijini, tukae nyuma yake, tufunge midomo, tuangalie kidole chake kinakwama wapi. Yote hayo niliyaandika kwenye daftari kwa mwandiko mzuri. Halafu nikaenda kuwajaribisha rafiki yangu Loveness na wenzake wawili wa hapa hapa mjini, wenye simu nzuri, wamekaa kwenye viti wanakunywa soda. Wakasema umependeza. Nikaishia hapo.

Ukurasa wenyewe unaitwa "Dawa ipo wapi leo". Una zahanati tisa. Mbele ya kila dawa kuna neno IPO kwa kijani, au HAIPO kwa nyekundu. Kila Jumatatu na Alhamisi nilitakiwa kuwapigia manesi wote tisa na kujaza wanachoniambia. Tarehe ya kujaza niliiweka chini kabisa, kwa herufi ndogo za kijivu, kwa sababu juu ilikuwa inaharibu mpangilio. Gerald aliniambia niipandishe. Nikasema nitafanya. Sikufanya.

Shangazi, sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Alhamisi ya tarehe 13 Machi nilimpigia Hermani, nesi wa zahanati moja iliyoko ng'ambo ya mashamba ya ngano. Simu yake haikupatikana. Jumatatu ya wiki hiyo hiyo alikuwa ameniambia dawa ya sumu ya nyoka ipo, basi nikaliacha neno lilivyokuwa. Jumatatu iliyofuata wageni wa shirika walikuwa njiani, na bosi wetu, Festo, alitaka ukurasa wa mbele uwe na picha mpya ya Mlima Hanang. Siku nzima nilihangaika na ile picha, naikata, naisogeza, nataka kilele kionekane bila wingu. Nilikuwa nimefunga, nimechoka, jioni ikaingia. Sikumpigia nesi hata mmoja.

Jumanne, saa nne kasoro asubuhi, Hermani akanipigia mwenyewe.

"Raudha," akasema, "kuna mama hapa ananionyesha simu yake. Ukurasa wako unasema dawa ya nyoka ipo. Mimi sina. Ya mwisho nilimchoma mzee mmoja Ijumaa."

Nyuma ya sauti yake nilisikia mtoto analia. Kisha akanyamaza, na kule kunyamaza ndiko kulikonitisha zaidi.

Huyo mama anaitwa Violeth. Mume wake ni Hhando, na ni wafugaji wa upande wa Basotu. Binti yao Scolastica, miaka saba, alikuwa anafungulia ndama asubuhi akakanyaga kifutu. Hhando alikuwa mbali, amepeleka ng'ombe machungani. Jirani mwenye pikipiki alitaka kuwapeleka moja kwa moja hospitali huku Katesh. Violeth ndiye aliyekataa. Watu wa shirika letu wenyewe walikuwa wamepita siku ya kliniki wakawaonyesha akina mama ule ukurasa, kwa hiyo aliufungua, akaona IPO, akamwonyesha jirani. Wakageuza, wakaenda kwa Hermani, njia nyingine kabisa, na matope yale unayoyajua. Walipofika hakuna kitu. Ikabidi warudi njia yote ile, ndipo waje Katesh.

Walipoteza karibu saa tatu, shangazi. Wewe ni nesi, sina haja ya kukueleza saa tatu ni nini kwa sumu ya kifutu.

Nilipokata simu, kitu cha kwanza nilichofanya ni kubadilisha IPO iwe HAIPO. Nilikosea neno la siri mara mbili. Nilipomaliza nikakumbuka kwamba mfumo unatunza kila badiliko, na jina la aliyebadilisha, na saa. Mtu yeyote angefungua angeona: Raudha, siku nane zilizopita. Lakini kuna mahali ambapo mwenye ruhusa zote anaweza kuzifuta hizo kumbukumbu. Gerald alinipa ruhusa zote.

Nakuambia wewe peke yako. Nilifika mpaka kwenye kitufe cha kuzifuta. Nilikuwa nimeshapanga na maneno ya kusema, kwamba yule mama alisoma vibaya.

Festo akaingia. Hermani alikuwa amempigia na yeye. Hakupandisha sauti, aliniuliza tu, "Ukurasa ulikuwa unasemaje asubuhi hii?"

Nikamwambia ulisema ipo, na kwamba ni mimi sikupiga simu. Akavuta kiti akakaa. Kisha akasema twende hospitali tukawasubiri.

Tulisimama getini mpaka saa sita na nusu. Kila pikipiki iliyotokea nilitaka iwe yao, na hapo hapo nilitaka isiwe. Walipofika mguu wa mtoto ulikuwa umevimba hadi pajani, ngozi inang'aa, imeanza kuwa nyeusi kwenye vidole. Macho yalikuwa wazi lakini hayatazami. Violeth alimbeba kwa mkono mmoja, na mkono wa pili bado umeshika ile simu. Niliwasaidia kufungua mlango wa mapokezi. Akaniambia, "Asante dada."

Sikumwambia mimi ni nani. Niliogopa, shangazi. Nilirudi nyumbani nikafuturu maji tu, mama akadhani nina malaria.

Siku mbili nzima hatukujua kama ataishi. Niliogopa kumwuliza mtu yeyote, nikawa napita barabara ya hospitali nasikiliza kama kuna kilio. Niliogopa polisi. Niliogopa ndugu za Hhando. Niliogopa zaidi kumwona Hermani akinipigia. Siku ya tatu Festo akaja kuniambia daktari amesema mtoto atapona. Lakini vidole viwili vya mguu wa kushoto havikuokoka. Walivikata wiki iliyofuata. Idi ikapita nimevaa nguo mpya aliyonishonea mama, watu wananipa mkono, na mimi nahesabu vidole vya kila mtoto anayepita.

Ijumaa baada ya Idi, Hhando alikuja ofisini.

Nilikuwa peke yangu. Ni mtu mrefu, amejifunga shuka, fimbo yake aliiegemeza mlangoni kabla ya kuingia. Nilimwamkia, akaitikia. Aliuliza ni nani anayeandika yale maneno ya kwenye simu. Nikasema ni mimi. Nilishapima kwa macho umbali wa mlango wa nyuma.

Akaomba nimwonyeshe lile neno. Hajui kusoma. Nikafungua kumbukumbu ya siku ile, ile ile niliyotaka kuifuta. Akainama, akaweka kidole chini yake.

"Ni hili?"

Nikamwambia ndiyo, ndilo hilo.

"Ni dogo," akasema.

Akaniambia kwamba kwao mtu akileta habari kuwa ng'ombe aliyepotea ameonekana, wanamwuliza kwanza nani amemwona, na lini. Mke wake amemwambia lile neno halikuwa na mtu. Akachukua fimbo yake akaondoka. Hakunitukana.

Kesho yake nilikwenda wodini kwa Violeth. Alikuwa anakunja nguo za mtoto. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama: simu niliyokosa Alhamisi, picha ya mlima, tarehe niliyoificha chini, hata kile kitufe. Aliendelea kukunja hadi nguo zikaisha.

"Nilikuona siku ile getini unalia," akasema. "Nilidhani una huruma."

Hajasema kama amenisamehe, na mimi sijamwomba, naogopa atakavyojibu. Lakini nilipomwomba anionyeshe alivyoutumia ukurasa asubuhi ile, alikubali. Alisema ni kwa ajili ya majirani zake. Basi nikakaa nyuma yake, nikafunga mdomo kama Gerald alivyotufundisha.

Shangazi, nilitamani ardhi ifunguke. Simu yake kioo kimepasuka pembeni. Ile picha yangu ya mlima ilichukua muda kufunguka, na ilijaza kioo chote, ikabidi asogeze kwa kidole mara tatu ndipo afike kwenye majina ya zahanati. Alipofikia IPO ya dawa nyingine, maana ile ya nyoka ilishakuwa HAIPO, alisimama hapo hapo. Kwa nini angeendelea kushuka? Neno alilolihitaji amelipata. Tarehe ilikuwa mbali huko chini, na kwenye kioo kile hata mimi sikuiona. Akageuka akaniuliza, "Sasa hapa nani amesema ipo?"

Tumeubadilisha ukurasa mzima. Gerald alinisaidia kwa simu kutoka Babati. Picha nimeitoa. Sasa juu kabisa, mbele ya kila dawa, kuna jina la nesi aliyethibitisha, siku na saa, kisha namba yake. Ukiigusa, simu inapiga. Ninawapigia kila asubuhi, si mara mbili kwa wiki. Na kwa nesi ambaye hajathibitisha siku hiyo, neno IPO linajiondoa lenyewe bila kunisubiri mimi, panaandikwa HATUJUI, PIGA KWANZA. Festo aliogopa wageni watauona ukurasa umejaa HATUJUI wadhani hatufanyi kazi. Nikamkumbusha pale getini. Akasema chapisha.

Scolastica ametoka hospitali Jumatano. Ametembea kwa kumshika mama yake hadi kwenye gari. Anachechemea. Nilibeba ndoo yao, akanitazama tu, hanijui.

Watu wanadhani yamekwisha. Lakini leo, Jumamosi, nimekuja ofisini kabla ya saa mbili. Mvua inanyesha tangu alfajiri, na katika zahanati tisa nimewapata watano. Wanne wameandikwa HATUJUI. Nimewapigia mpaka sikio limepata moto. Katikati ya kukuandikia nimesimama mara sita kujaribu tena. Nikiwaza kuacha kazi, naogopa atakayekuja ataliacha neno lilale kama nilivyoliacha mimi. Nikiwaza kubaki, naogopa hiki kidole changu. Usiku wa kuamkia Idi nilimwomba Mungu aniondolee hofu, sasa siombi tena hivyo, kwa sababu nadhani siku ile ya mlima sikuwa na hofu hata kidogo.

Shangazi, wewe umeshika sindano na chupa za dawa miaka thelathini na moja. Sikuombi unifariji. Najua unavyofariji, nitalia tu kisha basi. Naomba uniambie kama iliwahi kukutokea. Na kama ilikutokea, niambie kesho yake asubuhi uliingiaje wodini, uliwatazamaje wagonjwa, na mkono ulifanyaje uliposhika dawa tena.

Nisalimie kaka Abdulswamad na mke wake, na mwambie ile zawadi ya mtoto imefika. Nisalimie pia jirani yako Mama Glory. Baba anakusalimu sana, anasema mahindi yakikauka atakutumia gunia. Mwenyezi Mungu akutunze, akupe afya na usingizi mwema, na kila aliyepitia mikononi mwako akuombee dua.

Ni mimi, binti wa kaka yako, ninayekupenda na ninayengoja jibu lako,

Raudha