Kilemba Nilichokikataa Mbele ya Watu

Alhamisi, Mfungo Sita, 1956. Ngamiani, Tanga.

Mvua ya vuli imeanza tangu alasiri, nyembamba, ya kuudhi, si ya kulowesha wala ya kumwacha mtu atoke. Barazani hakuna mtu. Nimewasha taa mapema kwa sababu ya mawingu, nimeketi ndani peke yangu, na moyo haujatulia. Ndiyo maana nimekuchukua wewe, daftari. Wewe angalau hukatizi maneno.

Naandika polepole. Mkono uliozoea mwiko wa chokaa hauipendi kalamu. Lakini naandika! Wazee wa rika langu mtaa huu, nani anayeandika? Wanachovya dole gumba kwenye wino, kisha wanajifuta kwenye kanzu. Mimi Omari bin Shehe, fundi mwashi, jina langu naliandika mwenyewe, na la baba yangu pia.

Sasa habari ya jana.

Jana tulikaa barazani kwangu, tumetoka kusoma Maulidi ya Mfungo Sita, matumbo yamejaa pilau ya watu. Alikuwapo Bwana Semboja, Mbondei, mtani wangu wa siku nyingi. Yule bwana asiponichokoza chakula hakimshuki. Akaanza:

"Fundi Omari, unasema umejenga nusu ya Tanga, mbona ukuta wako mwenyewe umebanduka chokaa?"

"Kinyozi hajinyoi, wewe."

"Basi hata kunyolewa umekosa, maana wanafunzi wote wamekukimbia."

Watu wakacheka. Nikacheka nami, ingawa hilo lilinichoma. Ni kweli, siku hizi hakuna mama anayemleta mwanawe kwa fundi. Wanataka shule, wanataka cheti. Na saruji ya kwenye mifuko imekuja, kila mwenye koleo anajiita fundi.

Mara nikamwona Mbaruku anakuja barabarani.

Mbaruku nilimfundisha mimi. Aliletwa na mama yake kutoka Pangani, hajaota hata ndevu moja, amesoma hadi darasa la nne. Yule mama alinipa ufito mkononi kama anavyopewa mwalimu wa Kurani, akaniambia, "Macho na mifupa nirudishie, kilichobaki ni chako." Nikamchukua. Mungu hakunijaalia mtoto, na marehemu mke wangu Zaina alimpenda kijana yule kuliko alivyonipenda mimi. Mkate wa kumimina wa pembeni, ule uliokauka vizuri, alikuwa akimwekea yeye.

Nilimfundisha kwa njia yangu. Mwanzo ni kuponda chokaa tu, mwiko haugusi. Kisha nikampeleka Tongoni, kwenye magofu ya wale watu wa kale, nikamwambia afumbe macho agonge kuta kwa kifundo cha kidole, ukuta baada ya ukuta, mpaka ajue chokaa iliyoshika inaliaje na iliyoachana na jiwe inaliaje. Akikosea namchapa ufito wa vidole. Kisha namwambia neno moja tu: "Chokaa bado mbichi. Rudia." Hakuna fundi pwani hii anayefundisha hivyo. Wengine wanasema maneno mengi, ukuta unakauka wao bado wanasema.

Akaiva. Nasema kweli, aliiva kuliko wote.

Kisha akaniacha. Tulikuwa Raskazone, tunapaka nyumba ya Mzungu mmoja, tuko juu ya jukwaa. Akaniomba ruhusa. Kuna chuo kikuu kinajengwa Uganda, wanataka waashi. Nikamwambia, "Ukishuka kwenye jukwaa hili, usinijue tena." Akasimama kitambo, chokaa inamdondoka mikononi. Akashuka. Ukuta mzima ulikuwa mbichi, na chokaa haingoji mtu. Niliumaliza peke yangu mpaka giza likaingia, na hadi leo hauna ufa hata wa unywele. Nenda kaugonge.

Miaka ikapita. Zaina akafa. Mbaruku hakuja mazikoni. Alisema baadaye, kwa vinywa vya watu, kwamba habari zilimfikia wakati tumeshamaliza hata arobaini. Sikumjibu.

Basi jana akaja. Kanzu nyeupe, koti, saa mkononi, na mikono yote miwili imebeba sinia. Juu ya sinia kitambaa kimekunjwa. Kila mtu pale barazani alikijua. Kwetu, anayejifunza kazi akihitimu humletea fundi wake kilemba. Humvika yeye mwenyewe kwa mikono yake, mbele ya watu, na fundi humpa radhi. Hapo ndipo kazi ya kijana inapokuwa na baraka. Mbaruku hakuwahi kunivika, maana aliondoka kabla.

Akachutama chini ya ngazi, kama zamani.

"Shikamoo, fundi."

Sikuitika.

Daftari, kuinyima shikamoo marahaba yake si jambo dogo. Hata adui huitikiwa. Watu wote walinitazama mdomo. Mimi nikawa namtazama mbuzi wa jirani.

Bwana Semboja akaona aibu kwa niaba yangu, akamkaribisha, akamuuliza habari za Uganda. Mbaruku akaeleza, sauti ya chini, bado amechutama. Kwamba pale chuoni alianza kama mwashi wa kawaida, wakampa vijana wa kumsaidia, na wale vijana baada ya muda wakawa mafundi kweli. Wakubwa wa chuo wakaja kutazama anafanyaje. Watu wasomi, na miwani, wamesimama kwenye vumbi wanatazama mtu anagonga ukuta! Wakamwachia kazi hiyo hiyo: wafanyakazi wote wapya wa majengo wanapita kwake kwanza, wanajifunza huku wanajenga, na mshahara wanapata. Kisha siku moja wakamwita mbele ya mkutano, wenye majoho wamekaa, wakasema huyu ni mwalimu mwema kama walimu wetu wengine. Wakampa saa.

"Wakaniuliza nimesomea wapi," akasema. "Nikawaambia Tanga, kwa Fundi Omari bin Shehe, juu ya jukwaa. Wakaniuliza hiyo ni shule gani. Nikawaambia nafundisha vilevile alivyonifundisha yeye, ila mimi sichapi."

Hapo watu wakacheka sana. Semboja akapiga paja. "Eh, Fundi! Jina lako limetajwa mbele ya majoho! Na wewe nawe msomi siku hizi. Mbaruku, huyu mzee wako anaandika daftari, ujue! Anatuambia kajifundisha mwenyewe, bila mwalimu."

Mbaruku akaniinulia macho. Nami ndiyo mara ya kwanza nikamtazama. Mvi zimemwanza pembeni.

Akasema taratibu, "Fundi wangu hashindwi na kitu."

Hayo tu.

Akainuka, akachukua kitambaa, akapanda ngazi moja. Nami nikasema, kwa sauti ambayo hata ng'ambo ya barabara waliisikia, "Kilemba cha miaka yote hii kimeshaliwa na nondo. Kawavike hao waliokupa saa."

Semboja akanivuta kanzu.

Mbaruku alikiweka kitambaa kwenye sinia, akaliweka sinia juu ya baraza, karibu na mguu wangu, kwa adabu kama mtu anayetenga chakula. Akasema, "Gari langu la moshi ni Ijumaa asubuhi, fundi. Likizo yangu imekwisha. Safari ni ndefu, na kurudi sijui lini." Kisha akaenda zake. Watu nao wakakumbuka shughuli zao, mmoja mmoja. Semboja alikuwa wa mwisho. Alisema, "Omari, utazikwa na nani?" Hakuwa anatania.

Nikalala na swali hilo. Nikaamka nalo.

Leo alasiri nikakitoa kitambaa kwenye sinia. Nilitaka kukitazama tu. Ni kitambaa kizuri, sikatai, cheupe, chepesi, na pindoni kimetariziwa uzi wa hariri wa rangi ya mchele. Ametumia mshahara mzima pale. Nikafunga mlango, nikasema ngoja nijipime, hakuna anayeona.

Bega langu la kulia haliinuki tena kupita sikio. Ni dari za watu zile, miaka ya kupaka huku umeinua mkono. Sikukuu Zaina ndiye aliyekuwa akinifunga kilemba, mimi nimekaa kwenye kigoda yeye amesimama nyuma, anazungusha na kunisema. Leo nilizungusha kwa mkono wa kushoto. Kikaanguka usoni. Nikazungusha tena, kikanifunga shingo kama mbuzi. Nikasimama katikati ya chumba, mzee mzima, kitambaa kimenitapakaa mabegani, paa linavuja kandokando ya kitanda, na hakuna hata wa kunicheka.

Nilitamani Semboja angekuwapo anicheke.

Nikakikunja. Nikakutafuta wewe, daftari, ili niandike kwamba Mbaruku ni mwana asiye na shukrani. Nilikwisha kuandika M.

Mkono ukasimama hapo.

Kwa maana hiyo M, miguu yake miwili na bonde katikati, naijua ilikotoka. Ilitoka kwenye ukuta. Adhuhuri, wengine wamelala chini ya kivuli, Mbaruku alikuwa akichukua msumari na kuchora juu ya chokaa mbichi, kule juu ambako hakuna anayeona. O. M. A. R. I. "Ndiye wewe huyo, fundi." Mimi nafuatisha chini yake kwa msumari wangu. Nikisikia mtu anapanda ngazi, napitisha mwiko haraka, maandishi yanapotea. Sikutaka ijulikane kwamba fundi anafundishwa na mtoto. Kuna nyumba Raskazone, watu wanakula na kulala, na jina langu limo ndani ya kuta zao, limeandikwa vibaya, limefutwa.

Ile R ilinisumbua sana. Nilikuwa nikiigeuza, inatazama nyuma kama mtu aliyeitwa. Siku baada ya siku naigeuza. Na yeye hakucheka, hakunyanyua ufito, wala hakusema "hata watoto wanajua hii." Alikuwa anapitisha kiganja, anaifuta, ananiambia, "Chokaa bado mbichi, fundi. Rudia." Neno langu mwenyewe, lakini kinywani mwake halikuwa na ukali.

Nilikuwa nikisema nimejifundisha mwenyewe kwa sababu ni maneno mazuri kusema. Kila nikisema, yanakuwa kweli zaidi. Jana niliyasema kupitia mdomo wa Semboja, mbele yake yeye aliyenifundisha, naye angeweza kunivua nguo pale kwa neno moja tu. Watu walikuwapo. Sababu alikuwa nayo, nilikuwa nimemnyima marahaba. Akasema fundi wangu hashindwi na kitu.

Basi wale wenye majoho hawakukosea. Wamejua mwalimu ni nani. Mimi niliyeishi naye jukwaa moja ndiye niliyechelewa, na mimi si mtu wa kuchelewa.

Nimelifikiri jambo hili mpaka mvua imepungua. Kilemba hakivikwi chumbani. Zaina alikuwa akisema hivyo hata kwa mambo mengine: zuri la mtu lisemwe pale liliposemwa baya lake. Nilimkataa mbele ya watu, basi na nimpokee mbele ya watu. Semboja na wenzake watakwenda stesheni kumsindikiza, najua, wanapenda kutazama gari linavyoondoka. Nitakwenda. Kichwa wazi, kitambaa kwapani. Nitainamisha kichwa anivike yeye, maana mimi bega halipandi, na hilo nalo watalijua.

Lakini nitaanza kwa kulisema lile jingine. Kwamba kuandika sikujifundisha. Kwamba mwalimu wangu ni huyu hapa. Kilemba cha kumpa sina, sikununua, na maduka yatakuwa bado hayajafunguliwa. Nina majivuno tu, hayo ninayo mengi. Nitamvua Omari ayavae Mbaruku. Semboja atanicheka mpaka Mfungo Sita wa mwaka ujao. Na acheke. Kuchekwa ni bora kuliko baraza tupu, hilo leo nimelijua.

Shikamoo siwezi kumpa, mimi mkubwa. Hata mwalimu ana mipaka.

Sijui kama mdomo utakubali. Umezoea kumsifu mtu mmoja tu. Labda nitafika nisimame kama gogo, gari lipige filimbi, aingie, aende. Na huko aendako ndiko kwenye kazi yake na watu wake. Mimi nitarudi nyumba ileile.

Kanzu nimeitundika nyuma ya mlango. Viatu nimevifuta tope. Nimeisoma tena karatasi hii, na kila R inatazama mbele.

Akinisalimu kesho asubuhi, marahaba yake ninayo. Nimekaa nayo mdomoni tangu jana.