Kumwosha Mbwa ya Daktari

Boito, Juni 1971

Momanyi, daktari wangu,

Mama yako anakusalimu sana huko chuoni unakosomea udaktari. Mwezi uliopita nilimwosha Bobi, mbwa yako, kwa sabuni ya kipande, nikamchana na kichana changu. Jirani Chepngeno akacheka, "Mama Momanyi, hiyo mbwa inaolewa leo?"

Nikamwambia, "Hii ni mbwa ya daktari!"

Povu ya mdomo nilidhani ni sabuni. Bobi akaniuma mkono, na baada ya siku chache akafa. Chepngeno akanisihi niende hospitali ya Kapkatet nidungwe sindano. Nikakataa. Mimi nitibiwe na wageni, na nimezaa daktari?

Kidonda kilipona. Lakini tangu jana, nikiletewa chai, koo inafunga na ninatetemeka. Hata maji naogopa.

Njoo mbio, baba.

Mama yako anayejivunia wewe,
Nyamoita