Majirani Wetu wa Dilala

Kolwezi, Manika
Tarehe 21 Septemba 2025

Mpendwa kaka yangu, yaya Donatien,

Pokea salamu zangu na za binti yangu Gloire. Mgongo wako unaendeleaje? Na njia ya Musumba bado inapitika, kabla mvua haijaanza? Sisi tuko wazima. Gloire alishikwa na malaria, lakini sasa anakula tena.

Usishangae kuona naandika kutoka Manika. Tumehama Dilala, tumepanga kwa watu wa kwetu Kapanga.

Nyumba ile ilikuwa nzuri, ya matofali, moja ya zile za zamani za kampuni ya migodi. Ila avenyu nzima ilikuwa ya watu waliotoka kijiji kimoja cha mbali, waliofuata kazi ya kuchimba madini. Walinisalimu vizuri, hata kupita kiasi, lakini hakuna aliyenikaribisha kuketi. Nikiwakaribia wanageuza lugha. Na kila Jumapili jirani yangu Barnabé aliniuliza huku akicheka: «Mama Gloire, leo ibada itaisha saa ngapi?» Nikaanza kuwaza, ibada yangu inamhusu nini?

Kisha ukuta wa jikoni ukapasuka. Mwenye nyumba, ndugu yao, akasema ni mvua. Mvua gani, yaya, mwezi wa saba, katikati ya kiangazi?

Jumapili iliyopita Gloire alipata homa kanisani, tukarudi mapema. Nikiwa mlangoni nikasikia nyundo zinagonga chini ya sakafu. Chini ya nyumba yangu! Nikaingia jikoni kusikiliza. Mara mama Adolphine, wa nyumba ya pili, akaja mbio bila viatu:

«Honorine, toka mu jikoni! Kamata mutoto, toka!»

Tukatoka. Nyuma yetu sakafu ikadidimia pamoja na mbabula ya makaa na masufuria yote. Kumbe majirani walikuwa wakichimba chini kwa chini, wakifuata madini kutoka nyumba ya Barnabé hadi kwetu. Namshukuru Mungu, hakuna aliyeumia. Barnabé alitokea na vumbi usoni, akaniambia tu: «Leo ulirudia mbiyo,» yaani nimerudi mapema.

Ni mama Adolphine peke yake aliyenibebea godoro hadi kwenye pikipiki ya taxi-moto. Wenzake walimtazama kutoka milangoni, hakuna aliyemsemesha. Nikamuuliza alijua tangu lini. Akainamisha kichwa: «Tangu siku mulihamia.»

Nilimshukuru, maana ndiye aliyetuokoa. Lakini sikumwambia tunakwenda kukaa wapi.

Nisalimie shemeji Rachelle na mjomba Stany. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake.

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Honorine