Salamu za Mlangoni

Kakuma, Turkana
2013

Baba Salma, mume wangu,

Pokea salamu zangu pamoja na vumbi kidogo, maana huku hata karatasi haikubali kusafiri bila vumbi. Mimi ni mzima, ila joto limeninyang'anya ule unene uliokuwa ukiusifia. Nyinyi hamjambo huko Msambweni? Goti la mama limepoa? Na wewe bado unaunguza wali, au majirani wameshakuhurumia? Barua yako nimeipata kwa mkono wa dereva wa ofisi, nikaisoma nimesimama palepale. Nimeliona lile la mwalimu wa Salma, kwamba mtoto anaongea darasani mpaka amehamishiwa dawati la mbele, na kwamba unataka nimwandikie maneno makali. Nitafika hapo. Kwanza nikupe habari zangu, kwa sababu wiki hii nina furaha, na kwenye simu kila nikianza kusimulia mtandao unakatika.

Ndugu zako bado wanadhani nimekuja huku kufundisha watu kuandika barua pepe. Waeleze vizuri. Wanafunzi wangu ni wale walioachia sekondari njiani kwa sababu ya vita, mifugo au mimba, na wengine walianguka somo moja tu. Badala ya kurudia mwaka mzima, mtu anarudia lile somo lake kwenye kompyuta, na akifaulu mtihani anapata cheti. Masomo yanakuja kwa mtandao, mimi ni msimamizi. Kila mmoja ametia saini karatasi ya mwenendo: kufika mapema, kufanya kazi yako peke yako, kutoongea wala kuondoka kitini mtihani ukiwa wazi. Kamera ndogo juu ya mashine inaona na kusikia, na ukikosea mashine inajifunga, mtihani umeupoteza. Unanijua mimi na kanuni. Karatasi hiyo nimeibandika ukutani, mlangoni, na juu ya mtungi wa maji.

Kuna mwanamke anaitwa Adut, wa Sudan Kusini, anauza chai na mandazi kwenye kambi ya wakimbizi. Masomo yote ameyamaliza isipokuwa hesabu. Shule moja ya msingi ya kambini imemwekea nafasi ya ualimu, lakini wanataka cheti, hawataki maneno. Mtihani ule alikuwa ameshaanguka mara mbili, na ya tatu ndiyo ya mwisho. Ikipotea anaanza somo lote upya na kazi anapewa mwingine. Kila asubuhi nikipita kunywa chai nilimkuta akipiga hesabu kwa mkaa kwenye kipande cha boksi. Nikawa namwombea kimyakimya, mimi ambaye kazi yangu ni kutokuwa na upande.

Basi siku ya mtihani wake chumba kimetulia, kila mtu kainamia mashine yake. Akatokea Mzee Lomuria, baba yake Nakali, mwanafunzi wangu mwingine. Alikuwa ametoka upande wa Lokiriama na mbuzi wake, akaona apite amjulie binti yake hali. Akasimama mlangoni na fimbo yake na kigoda chake, akasema, "Ejok," ndiyo hujambo ya Kiturkana. Hakuna aliyejibu. Nikaweka kidole mdomoni. Akasalimia tena, kwa sauti zaidi. Kimya. Mzee akaviangalia vile vichwa vilivyoinama, akanigeukia kwa huruma kabisa.

"Hii watu iko na nini? Nani amekufa?"

Nakali akainuka. Wakainuka na wengine, wote, wakapanga foleni kumpa mzee mkono. Adut naye huyo. Nilimshika mkono nikamnong'oneza arudi kitini, nikamkumbusha ile kazi yake. Akanitazama kama nimemwambia jambo la aibu.

"Mwalimu, huyu ni mzee. Nitakaa vipi?"

Na salamu za huku hazina haraka. Nyumbani, mbuzi, maji, mvua, nani anakohoa, nani ameolewa. Walipomaliza, mashine zote zilikuwa zimejifunga, na ya Adut ikiwemo. Alikaa mbele ya mashine akafunika uso kwa mtandio. Mzee akaniuliza kama amekosea. Nikampa maji ya kunywa.

Ripoti niliandika, maana ndiyo kazi. Bosi wetu Bwana Ekai akaniita Lodwar. Yeye ni mzaliwa wa Lokitaung, lakini akiwa ofisini husikii kwake ila Kiingereza. Alitaka kujua watu wazungumze nini muda wote huo katikati ya mtihani, kama si kupeana majibu. Nikamwambia ni salamu tupu. Hakuniamini, akafungua zile sauti zilizonaswa na mashine ili asikie mwenyewe kwa lugha ya mama yake. Nilikaa pale namfikiria Adut na kipande chake cha boksi.

Sauti ya mzee ikatoka: "Ejok."

Na Bwana Ekai, kalamu mkononi, macho kwenye kompyuta, akaitikia, "Ejok-noi."

Mimi nikaangalia dari. Alipogundua alichokifanya alicheka mpaka akavua miwani. Akasema, "Hata mimi ningesimama." Akaifungua mitihani yote upya, kwa sharti moja: salamu zisiingie tena chumbani.

Nilirudi Kakuma nikiimba peke yangu garini. Wanafunzi walijadiliana wenyewe, na nakwambia wana akili hao. Walikubaliana kwamba siku ya mtihani mmoja wao akae mlangoni bila mashine, apokee salamu kwa niaba ya wote, na amweleze mgeni habari za kila aliye ndani kwa jina. Watu wakitoka, naye anawapa salamu zao. Nikaongeza hilo kwenye karatasi ya ukutani kwa mwandiko wangu.

Juzi Adut akafanya tena, Nakali akiwa mlangoni. Wenzake walimaliza mapema, wala hakuna aliyetoka. Walikaa mikono mapajani, wanamsubiri. Adut akabonyeza jibu la mwisho, mtandao ukajivuta weee, mwisho majibu yakatokea. Amefaulu! Lakini hakusema kitu, Baba Salma. Karatasi inasema hakuna sauti mpaka mashine ifungwe, naye alikuwa anatafuta pa kuifungia, midomo ameibana, machozi yanadondokea vitufe.

Sikuweza. Nilipiga vigelegele, vile vya shangazi zako siku ya harusi yetu, na mashine bado iko wazi. Chumba kizima kikanifuata. Nakali akaingia mbio pamoja na mama mmoja aliyekuwa akimsalimia, na mama huyo naye akacheza bila kujua tunacheza nini. Majibu hayakuguswa, maana alikuwa ameshayatuma, na shule ikifunguliwa Adut anaanza kufundisha. Ila mimi imebidi nijiandikie ripoti mwenyewe, kwamba msimamizi alipiga kelele mtihani ukiwa haujafungwa. Bwana Ekai amenijibu kwa mstari mmoja tu: nikasome karatasi yangu niliyoibandika juu ya mtungi.

Nisalimie mama mkwe wangu, umwambie namkumbuka kila nikiinama kufagia. Nisalimie shemeji Bakari fundi baiskeli na mkewe, na wifi Mwanakombo, mwambie ule mkoba wa majani ya mikoma nimeshamnunulia Lodwar.

Sasa Salma. Nimeshika kalamu nimwandikie maneno makali, yamegoma. Mwambie amsubiri mwalimu amalize, kisha aongee. Na akiuliza kelele hizo amezirithi kwa nani, wewe nyamaza. Nitamjibu mwenyewe nikija.

Ni mimi mkeo, niliyeripotiwa,
Mama Salma